Uzi: Barua za wakati wa vita zinavyoonyesha utumwa wa Marekani ukivunjika kabla sheria haijafika

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila mada ya utumwa wa Marekani ikifunguliwa, haichukui muda inaishia kwa Abraham Lincoln. Alitia saini Tangazo la Ukombozi tarehe 1 Januari 1863, watumwa wakawa huru, mada ikafungwa. Wengi tulifundishwa hivyo na hatukuuliza zaidi.

Nataka tuangalie ushahidi wa aina nyingine: barua. Barua za watumwa waliotoroka, za askari weusi, za wake zao waliobaki mashambani, na za mabwana wenyewe, zilizoandikwa kati ya 1861 na 1865 wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Ukizisoma kwa kufuata tarehe unauona utumwa ukivunjika nyumba kwa nyumba, na mara nyingi sheria inakuja nyuma kuidhinisha kilichokwisha kutokea. Hilo ndilo ninalodai katika uzi huu, nami niko tayari kupingwa.

Naanza na askari aitwaye Spotswood Rice. Alikuwa mtumwa jimbo la Missouri, akifanya kazi ya tumbaku, kisha akajiunga na jeshi la Muungano (upande wa Kaskazini, uliopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga). Tarehe 3 Septemba 1864, akiwa hospitali katika kambi ya Benton Barracks mjini St. Louis, aliandika barua mbili. Moja aliwaandikia binti zake, Corra na Mary, waliokuwa bado utumwani huko Glasgow, Missouri. Nyingine alimwandikia Kitty Diggs, mwanamke aliyekuwa akimmiliki Mary.

Kwa binti zake anasema hajawasahau, watulie, atawapata hata kama itamgharimu uhai. Anawapa habari za kijeshi kabisa: askari weupe 800 na weusi 800 wanatarajiwa kupanda mto kuelekea Glasgow, naye anategemea kuwa miongoni mwao. Kitty alikuwa amesema Rice alijaribu kumwiba mtoto. Rice anajibu kwamba Mungu hakukusudia kamwe mtu aibe damu yake mwenyewe, na kwamba huyo ni Mkristo wa kwanza aliyepata kumsikia akisema baba anaweza kumwiba mwanawe, tena kumwiba kutoka utumwani.

Kwa Kitty hana upole hata kidogo. Mary ni mwanangu, anamwambia, ni haki yangu niliyopewa na Mungu. Kadiri unavyozidi kumshikilia ndivyo utakavyozidi kuungua motoni, na huko utafika upesi zaidi. Halafu anamkumbusha kwamba aliwahi kumwahidi dola 40 ili amkomboe mtoto wake, na sasa anafurahi kwamba hakuzipokea. Serikali hii yote iko upande wangu, anasema, wewe huna la kufanya.

Tafadhali simameni hapo kwenye dola 40. Kuna siku mtu huyu alikuwa tayari kulipa, maana yake alilazimika kufuata utaratibu wa soko lililomfanya mwanawe kuwa bidhaa. Kufikia Septemba 1864 hataki tena kusikia bei. Na angalieni mahali: Tangazo la Ukombozi halikuigusa Missouri, kwa sababu jimbo hilo halikujitenga na Muungano. Kisheria, siku Rice anaandika, Kitty Diggs alikuwa mmiliki halali wa Mary. Missouri ilifuta utumwa Januari 1865, miezi minne baadaye. Kwa hiyo mtu anazungumza kama baba mwenye mamlaka juu ya mwanawe wakati sheria ya jimbo bado inasema hana.

Swali linalonivutia zaidi: barua hizi tumezipataje? Hazikutunzwa na binti zake. Ndugu yake Kitty, F. W. Diggs, alizichukua akazipeleka kwa Jenerali Rosecrans, kamanda wa jeshi la Muungano huko Missouri, tarehe 10 Septemba, pamoja na barua yake ya kulalamika kwamba ametukanwa na hawezi kuvumilia, akiomba Rice aondolewe katika jimbo. Jeshi likaweka mafaili. Hasira ya mwenye watumwa ndiyo iliyotuhifadhia sauti ya mtumwa.

Naendelea, naomba mnivumilie.

#2 – Mchangiaji

Tiririka mkuu, nipo hapa. Hiyo ya Mungu hakukusudia mtu aibe damu yake mwenyewe imenigusa sana. Vipi, hao mabinti aliwapata?

#3 – Mleta mada

Nakujibu kwanza wewe. Ndiyo, familia iliungana. Mwaka 1937, serikali ya Marekani ilipokuwa ikiwahoji wazee waliozaliwa utumwani, Mary alihojiwa St. Louis akiwa na umri wa miaka 85, jina lake likiwa Mary Bell. Alimtaja Kitty Diggs kwa jina. Alieleza pia kwamba baba yake alifundishwa kusoma na mtoto wa bwana wake, na bwana huyo alikasirika mno, maana Rice aliwasomea watumwa wenzake habari za ukombozi, wakafurahi hata kazi ikawa haifanyiki sawasawa. Rice mwenyewe baada ya vita alikuwa mchungaji.

Fikirieni maana yake. Tangazo halikuwahusu watu wa Missouri, lakini lilisomwa kwa sauti vibandani, na waliolisikia wakaamua kwamba linawahusu.

Sasa barua ya pili. Turudi nyuma hadi tarehe 12 Januari 1862, karibu mwaka mzima kabla ya Tangazo. John Boston, mtumwa aliyetoroka kutoka Maryland, anamwandikia mkewe Elizabeth akiwa Upton's Hill, Virginia, pamoja na kikosi cha 14 cha Brooklyn. Anasema kwa furaha kubwa anamjulisha alipo, yuko salama, na siku ya leo anaweza kumwandikia, Mungu ashukuriwe, kama mtu huru. Alipata shida kidogo kutoroka, lakini kama Bwana alivyowaongoza wana wa Israeli hadi nchi ya Kanaani, ndivyo alivyomwongoza yeye. Kisha upweke unajitokeza: ana kila ambacho moyo unaweza kutamani, ila hawezi kueleza jinsi anavyotamani kumwona mkewe. Wasipoonana duniani, wataonana mbinguni. Anampa anwani kamili ya kumjibu.

Huru kwa sheria ipi? Hakuna. Bunge la Washington lilipiga marufuku maafisa wa jeshi kuwarudisha watoro kwa mabwana mwezi Machi 1862, miezi miwili baada ya barua hii. Boston alijitangazia uhuru mwenyewe, na askari wa Brooklyn waliomhifadhi wakakubali kwa vitendo.

Na safari ya barua hii? Iliangukia mikononi mwa upande wa mabwana. Kamati ya Bunge la jimbo la Maryland iliiambatisha kwenye malalamiko yake kwa Jenerali McClellan, mkuu wa majeshi ya Muungano, kuhusu vikosi vinavyowahifadhi watoro, na ikaishia kwenye mafaili ya Wizara ya Vita. Ni mambo yaleyale ya akina Diggs. Wabunge walidhani wanawasilisha ushahidi wa wizi wa mali, na leo sisi tunasoma ushahidi wa kitu kingine kabisa.

Ya tatu ni fupi kuliko zote, nami naipenda kwa ufupi wake. Annie Davis, wa Bel Air, Maryland, alimwandikia Lincoln tarehe 25 Agosti 1864. Anamwambia rais kwamba matakwa yake ni kuwa huru, aende kuwaona watu wake walioko pwani ya mashariki ya jimbo. Bibi yake hamruhusu. Tafadhali nijulishe kama tuko huru, na nifanye nini. Naomba unijibu wiki hii, au mapema iwezekanavyo.

Wiki hii! Mwanamke mtumwa anampa rais wa nchi muda wa kujibu. Jibu halimo katika mafaili. Maryland ilifuta utumwa kwa katiba mpya iliyoanza kazi tarehe 1 Novemba 1864, miezi miwili na siku chache baada ya barua yake.

#4 – Mchangiaji

Mleta mada, heshima kwako, ila nina mashaka. Watumwa waliojua kuandika walikuwa wachache sana, majimbo mengi ya Kusini yalikataza kwa sheria kuwafundisha. Sasa barua tatu nne za watu waliojua kusoma zinathibitisha nini kuhusu watu karibu milioni nne? Pili, bila jeshi la Kaskazini huyo Boston angekimbilia wapi? Naona unataka kumnyang'anya Lincoln haki yake.

#5 – Mleta mada

Mkuu, hoja zako zote mbili nzito. Nianze na ya kwanza.

Ni kweli kuhusu sheria. Missouri yenyewe ilikataza kuwafundisha watu weusi kusoma mwaka 1847. Lakini barua nyingi hazikuandikwa na wenyewe kwa mkono wao. Walimwambia mtu mwingine awaandikie: askari mwenzao, mwalimu, mchungaji, wakati mwingine jirani mweupe. Kwa hiyo idadi ya waliojua kuandika haikuwa mpaka wa idadi ya waliotuma barua.

Muhimu zaidi, si lazima tuwategemee watumwa peke yao. Wasikilizeni wenye madaraka na mabwana.

Usiku wa tarehe 23 Mei 1861, mwezi mmoja na kidogo tangu vita vianze, watu watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walivuka kwa mashua hadi ngome ya Fort Monroe, Virginia. Walikuwa wakitumikishwa kujenga kizuizi cha mizinga cha upande wa Kusini. Jenerali Benjamin Butler alikataa kuwarudisha, akasema ni mali ya adui iliyotekwa vitani. Yeye hakuwa mpinzani wa utumwa kwa historia yake. Alikuwa mwanasheria aliyeona adui anatumia nguvu kazi ile dhidi yake. Habari zikasambaa. Tarehe 30 Julai 1861 Butler anamwandikia Waziri wa Vita, Simon Cameron, kwamba sasa anao watu 900: wanaume wenye nguvu 300, wazee wasioweza kazi ngumu 30, wanawake 175, watoto walio chini ya miaka 10 ni 225, na wa kati ya miaka 10 na 18 ni 170. Kisha anamuuliza waziri: hawa ni watumwa? Au ni watu huru?

Yaani mwaka wa kwanza tu wa vita jenerali anauliza swali lilelile ambalo Annie Davis atamuuliza rais mwaka 1864. Na tazama hesabu: wanawake na watoto ni 570 kati ya 900. Hawa hawakuja kutafuta bunduki. Walihama kama familia, na hakuna amri ya Washington iliyowaita.

Upande wa mabwana, mchungaji Charles Colcock Jones wa Liberty County, Georgia, maarufu kwa kuwahubiria watumwa, alimwandikia mwanawe Julai 1862 kwamba watu 51 walikwisha ondoka katika wilaya yao kuelekea kwa meli za Kaskazini zilizokuwa pwani. Hakuwa na sababu ya kukuza idadi. Kwa mtu aliyeamini watu wake wanampenda, hiyo ilikuwa barua chungu kuiandika.

Hoja yako ya pili nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Waliotoroka ni wale ambao jeshi lilikuwa karibu. Aliyekuwa ndani kabisa Texas hakuwa na Fort Monroe ya kukimbilia. Lincoln simnyang'anyi kitu, kwani Tangazo lake liliwafungulia watu weusi mlango wa jeshi. Ninachosema ni mpangilio wa matukio. Wale watatu wasingevuka na mashua yao, Butler asingekuwa na swali la kujibu. Kila mtoro aliyefika kambini alimlazimisha afisa fulani kuamua: namrudisha au simrudishi? Maamuzi hayo yalipokuwa maelfu, bunge likabaki kuandika kanuni. Sheria ya kwanza ya kutaifisha watumwa waliotumika vitani ilipita tarehe 6 Agosti 1861, ya pili na pana zaidi tarehe 17 Julai 1862.

#6 – Mchangiaji

Asante kwa somo. Mimi nauliza kuhusu wanawake. Mume akikimbilia jeshini akawa shujaa, mke na watoto walioachwa kwa bwana yuleyule wakawaje? Naona simulizi nyingi zinawaruka.

#7 – Mleta mada

Dada, umeuliza mahali penyewe. Hapa ndipo barua zinauma.

Tarehe 30 Desemba 1863, Martha Glover, mtumwa katika mji uitwao Mexico, Missouri, anamwandikia mumewe Richard aliyejiunga na jeshi. Tangu uondoke sina ila taabu, anamwambia. Wananitesa kwa sababu ulikwenda, wanasema hawatawatunza watoto wetu, na juzi wamenipiga vibaya sana. Hukupaswa kuniacha katika hali hii na watoto wadogo wasiojiweza. Kisha anaongeza neno zito: usiniambie tena niwasihi wanaume wenye wake wajiunge, nimeona taabu nyingi mno, siwezi kuwaingiza wengine.

Sentensi hiyo ya mwisho inatuambia kwamba Martha alikuwa akiwahamasisha wanaume kujiunga na jeshi. Hakuwa ameachwa nyuma ya mambo. Alikuwa ndani yake, na gharama aliilipa kwa mwili wake. Nami naamini kipigo chenyewe ni ushahidi. Bwana ambaye mamlaka yake yako imara hana haja ya kumpiga mke kwa kosa la mume aliyekwisha mponyoka. Lakini asije mtu akalitumia hilo kulipamba. Utumwa uliokuwa ukivunjika ulikuwa mkali zaidi kwa waliobaki ndani.

Na kambi za jeshi nazo hazikuwa salama siku zote. Camp Nelson, Kentucky, ilikuwa kituo kikubwa cha kuandikisha askari weusi, na familia zao zilikuja nao. Mwishoni mwa Novemba 1864, kwenye baridi kali, kamanda akaamuru wanawake na watoto wafukuzwe, takriban watu 400. Askari aitwaye Joseph Miller alitoa maelezo kwa kiapo tarehe 26 Novemba. Mwanawe wa kiume alikuwa mgonjwa. Alimwambia mlinzi kwamba mtoto akitolewa kwenye baridi atakufa. Mlinzi akajibu kwamba wasipopanda gari la kukokotwa atawapiga risasi wote. Usiku Miller akaenda kwa miguu kuwatafuta, akawakuta Nicholasville kama maili sita mbali, kwenye nyumba baridi isiyotosha watu. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Ilimlazimu kurudi kambini usiku uleule, na asubuhi akaenda tena kwa miguu, akachimba kaburi, akamzika mwanawe.

Katika tukio hilo walikufa watu 102. Maelezo ya Miller na wenzake yalifika magazetini na Washington, kukawa na kelele kubwa, na tarehe 3 Machi 1865 bunge likapitisha azimio la kuwaweka huru wake na watoto wa askari weusi. Kentucky, ambako utumwa ulikuwa bado halali, askari weusi walizidi 23,000. Pigeni hesabu ya familia.

#8 – Mchangiaji

Inasikitisha sana. Ila mkuu, sisi huku kwetu hii historia inatuhusu wapi hasa? Tuna utumwa wetu wa pwani ambao hatujaumaliza kuujadili.

#9 – Mleta mada

Inatuhusu kwa njia moja ya wazi: biashara. Kitambaa cha merikani ambacho misafara ya bara ilikitumia kama fedha kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na pamba yake ililimwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipoikatiza pamba, merikani ikaadimika Zanzibar, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Siku Rice anamwandikia Kitty Diggs, soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado linafanya kazi. Lilifungwa 1873 chini ya Sultan Barghash, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Zanzibar hadi 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922.

Nakubaliana nawe kwamba wetu haujajadiliwa vya kutosha. Natamani watu wetu wazisome hati za mahakama za makadhi na za ukoloni kwa jicho hilihili la kuuliza nani alilalamika, kuhusu nani, na kwa nini karatasi ikatunzwa. Uzi wake unastahili kusimama peke yake, akifungua mtu wa pwani nitachangia.

#10 – Mchangiaji

Mleta mada, umesema hata mabwana waliandika. Ipo barua inayoonyesha viongozi wa juu wa Kusini wenyewe walikiri kwamba mambo yamewaharibikia?

#11 – Mleta mada

Ipo, na sijaona iliyo wazi kuizidi. Mwanzoni mwa 1865 jeshi la Kusini lilikuwa limekwisha kwa vifo na utoro, na wazo likatolewa la kuwapa watumwa bunduki wapigane upande wa mabwana zao. Jenerali Howell Cobb wa Georgia, mwanasiasa mkubwa aliyewahi kuwa Spika wa Bunge la Wawakilishi la Marekani, alimwandikia Waziri wa Vita wa Kusini, James Seddon, tarehe 8 Januari 1865, kupinga. Alisema kama watumwa wataweza kuwa askari wazuri, basi nadharia yetu yote ya utumwa ni ya makosa.

Hakuwa anaungama. Alikuwa anaonya. Lakini ameweka msingi wa jengo lote kwenye sentensi moja, kwamba utumwa ulisimama juu ya madai kuwa watu hawa hawana ujasiri wala akili ya kuwa askari. Wakati anaandika, askari weusi walikuwa wamekwisha shambulia Fort Wagner, ngome ya Kusini huko South Carolina, Julai 1863. Jumla ya waliopita katika jeshi la nchi kavu la Muungano ilifika takriban 179,000. Jibu lilikuwa uwanjani tayari.

Siku tatu baadaye, tarehe 11 Januari, Jenerali Robert E. Lee naye akaandika barua akiunga mkono kuwaandikisha watumwa. Viongozi wawili wakubwa, juma moja, wanavutana kama wautupe utumwa ili waokoe nchi au waishikilie nadharia waikose nchi, nchi ambayo waliianzisha kwa ajili ya utumwa. Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwaandikisha tarehe 13 Machi 1865. Richmond ikaanguka tarehe 3 Aprili, Lee akasalimu amri tarehe 9.

Nigusie kwa haraka koplo James Henry Gooding wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, maana kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu mishahara. Tarehe 28 Septemba 1863 alimwandikia Lincoln: sisi ni askari, au ni vibarua? Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi, mweusi 10, na 3 zikikatwa za nguo. Bunge lilisawazisha mishahara Juni 1864. Gooding alikuwa ametekwa Florida, akafia kwenye gereza la Andersonville mwezi uliofuata.

#12 – Mchangiaji

Nimeelimika. Mtu akitaka kuzisoma mwenyewe anaanzia wapi?

#13 – Mleta mada

Chuo Kikuu cha Maryland kina mradi ulioanza 1976, Freedmen and Southern Society Project, ambao wataalamu wake walipekua mafaili ya serikali kwenye Nyaraka za Taifa mjini Washington. Tovuti yao imeweka barua nyingi bure, ikiwemo ya Rice, ya Boston, ya Annie Davis na ya Martha Glover. Tahajia wameiacha kama ilivyoandikwa, hivyo macho yatakwama mwanzoni. Soma kwa sauti, maana waandishi wengi waliandika maneno kama walivyoyasikia, na sikio linaelewa haraka kuliko jicho. Usiruke barua iliyoambatana nayo, ya afisa au ya bwana, kwa sababu humo ndimo utajua nani aliipeleka wapi na alitaka nini.

Ukiwa na muda wa kusoma jimbo moja tu, chukua Kentucky kuanzia katikati ya 1864. Huko utumwa ulibaki halali hadi marekebisho ya 13 ya katiba, yaliyofuta utumwa nchi nzima, yalipothibitishwa tarehe 6 Desemba 1865, kwa hiyo utaufuatilia mwezi kwa mwezi ukiondoka mikononi mwa watu waliokuwa bado na sheria upande wao.